Daftari la Baba Nililompelekea Tumaini

Nilitoka Makambako kwenda Guangzhou kununua vifaa vya shule kwa ajili ya duka langu, lakini mkobani nilikuwa na mzigo mwingine: daftari la baba. Baba amefundisha Agano la Kale miaka mingi, na sasa macho yamemwishia. Kazi yake ya kufundisha amemwachia Tumaini, mwanafunzi wake wa zamani anayesomea udaktari huko huko Guangzhou, China. Si mimi, mwanawe wa kumzaa. "Mpe mkononi mwake," aliniambia. Niliitikia kwa wivu.

Ndani ya ndege nililisoma. Musa alikuwa na watoto wa kiume, lakini akamwekea mikono Yoshua, mtumishi wake, awe mrithi. Nikalifunga kwa hasira.

Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun nilipanda treni ya metro mpaka mtaa wa Sanyuanli, nikapanga chumba. Kesho yake nikiwa Yide Lu, barabara ya maduka ya jumla, nachagua kalamu, Tumaini akapiga simu. "Shikamoo kaka. Daftari la Mwalimu umekuja nalo?" Nikamjibu nimelisahau nyumbani, nalo lilikuwa kwapani.

Jumapili alasiri, wanafunzi na wafanyabiashara wapatao kumi walikusanyika kwa Tumaini kusikiliza somo la Biblia. Nilikwenda nimwone akiumbuka. Akaanza bila karatasi. Alieleza kwamba walimu wa Wayahudi wa kale walifundisha kwa mdomo. Mwanafunzi alirudia mpaka neno likae, na kila alipolitoa alimtaja aliyempa. "Hili nimelipokea kwa Mwalimu Sanga," akasema, akimtaja baba, akatoa somo zima neno kwa neno kama lilivyo daftarini. Hata pale baba anapovuta pumzi kabla ya kumtaja Yoshua, alivuta. Kisha akanigeukia: "Kaka, somo linalofuata toa wewe, umelala nyumba moja naye." Nikamwomba amalizie yeye.

Watu walipotoka nilimpa daftari, nikakiri uongo wangu. Akalitazama kidogo, akalirudisha.

"Nilitaka kuuona mwandiko wake tu. Alinikaririsha kila jioni, miaka minne. Wewe ulikuwa wapi, kaka?"

"Dukani."

Niliporudi Makambako, baba aliniuliza kabla sijavua viatu: "Amelipokea?"

"Amelirudisha. Analo kichwani."

Akatabasamu tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa. Nimejifunza kwamba nilichomwonea Tumaini wivu kilikuwa kikigawiwa bure sebuleni kwetu, nami nikikipita kwenda kufunga duka. Wivu haujaisha. Niliketi karibu na baba, nikamwomba aanze mwanzo.

Akasema. Nikarudia, nikakosea. Akasema tena.