Mimi Nilimimina Kasiksi

Ku tribinale tulikuwa watu wane: papa juge mwenye kukata kesi, jirani yangu mujane, shemeji yake aliyesema shamba iko yake, na mimi shahidi. Karatasi ya marehemu bwana wa mujane, ya kununua shamba, iliungua na nyumba wakati wa vita.

Juge akaniuliza: «Maman, siku ya kununua mulikunywa kasiksi, mukalewa. Unakumbuka nini?»

«Wao walilewa, papa juge. Mimi nilikuwa na mimba, nilimimina tu ile pombe ya ndizi.»

Hata shemeji akacheka. Nikafunga macho. Ukungu wa ziwa wa siku ile ukaingia polepole, na wanywaji wote walioshuhudia kununua wakarudi kukaa mu majani, hata waliokufa. Nikawataja mumoja mumoja, kila mutu na mahali alipokaa.

Juge akaniamini, shamba ikabaki kwa mujane. Ninyi wanywaji, kama nimekosea mahali pa mutu, munisahihishe.