Diski Niliyoificha Kwenye Koti la Marehemu

Bosi alinikabidhi diski yenye nakala ya kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta za duka letu la dawa za mifugo, hapa Rodi Kopany. “Itunze mbali na duka,” alisema. Mimi na akili yangu nikaificha nyumbani, kwenye koti la marehemu mume wangu. Nani angeligusa? Siku ya kuwagawia ndugu nguo zake nililia tu, sikukagua mfuko hata mmoja.

Juzi radi ikachoma kompyuta zote, na rekodi za chanjo za ng'ombe wa watu. Nikampigia shemeji aliyepewa koti. Bosi akaweka simu kwenye spika, wakulima waliokuja kuulizia rekodi zao wakasikiliza.

“Nyar Lambwe,” shemeji akaniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, “hiyo kitu iko! Nilifuta takataka zenu zote nikajaza benga. Mnataka wimbo gani?”