Uji wa Samaki wa Vitshumbi

Mwezi uliopita nilienda kwenye matanga huku Goma, mtaani Himbi, nikamukuta muzee mumoja aliyekuwa jirani yetu Vitshumbi. Wakati ule alikuwa na duka la mabati mawili. Leo ana nyumba ya etaji, ghorofa kabisa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, Fanta mukononi, anaeleza watu kwa nini samaki wa ziwa Edouard waliisha.

"Walikimbia vita," akasema. "Samaki ni kama mutu. Akisikia masasi ya bunduki, anahama."

Watu wakatikisa kichwa, wakahurumia. Mimi nikaweka sahani yangu chini, nikatoka.

Rafiki, samaki hawakukimbia. Walikosa kula, na waliowanyima chakula ninawajua. Wengine niliwaamkia kila asubuhi, pamoja na huyo wa Fanta.

Nilikulia pale Vitshumbi, kwenye ukingo wa ziwa, mahali hata nguo iliyofuliwa vizuri inanuka samaki. Asubuhi tuliamshwa na marabu, wale ndege wakubwa wenye shingo tupu, wakitembea juu ya mabati kama watu waliovaa viatu. Viboko walishinda majini, jioni wakapita kati ya nyumba kwenda kula majani, na mama zetu waliwaambia tu, kama wanamuambia baba wa jirani: pita, papa, pita. Shule niliishia troisième primaire, darasa la tatu. Ninachojua cha maana nilifundishwa na koko wangu, mama ya baba yangu, aliyekuwa anapasua samaki kwenye ubao pamoja na wanawake wengine kila mitumbwi ilipofika.

Koko alisema samaki anakula kama mutoto wa mutu. Tilapia akitoka kwenye yai anabeba maziwa yake mwenyewe, kifuko kidogo cha manjano chini ya tumbo, na mama yake anamuficha kinywani. Maziwa yakiisha anaanza uji. Uji wake ni tududu tudogo sana twa majini, huwezi kutuona kama hukuchota maji kwenye glasi ukayaelekeza kwa jua. Akiongezeka, anaingia kwenye sombe, kama sisi na majani yetu ya muhogo; sombe yake ni ule ukijani wa maji, na hiyo sombe njo anakula mupaka uzee wake. Kambale yeye anaanza na uji uleule, kisha anakula wadudu wakubwa, na ndevu zikishakuwa ndefu anakula wadogo zake. Koko alisema hiyo bila hasira. Ni mimi niliyekuja kuona watu wa kula hivyo.

Mitumbwi ikifika, koko alinipa tumbo la kwanza nilibane kwa kidole gumba. Utumbo ukitoa kijani kizito, kama sombe iliyotwangwa, samaki huyo ni mukubwa, kazi inaendelea. Ukitoa kijivu kilichochanganyika na kijani kidogo, samaki alikuwa bado anaachishwa uji. Maana yake wavu ulipita kwenye fureyeri, yale matete ya ufukoni ambapo samaki wanazalia na watoto wao wanakulia. Hapo koko aligeuza beseni yake juu chini, akaikalia. Wa pili akageuza yake, wa tatu yake, mupaka visu vyote vikanyamaza. Na kwa joto la Vitshumbi, samaki asiyepasuliwa haoni saa sita, ameshaoza.

Ninamukumbuka muvuvi mumoja alikuja amevimba.

"Mama, nani alikutuma kunifungia kazi?"

"Samaki yako iko kwenye uji, papa. Uirudishe kwa mama yake."

"Imeshakufa."

"Basi peleka matanga."

Wanawake walicheka mupaka wakashikana mabega. Muvuvi akawamwagia marabu samaki wote, na sikumuona tena karibu na matete. Wavuvi waliogopa mabeseni yale kuliko walinzi wa parke ya wanyama. Kazi ikiisha, tulipika vichwa kwa pilipili na mafuta mekundu, tukala na bugali palepale kwenye ubao, mikono ikinuka, na kila mwanamuke aliondoka na fungu la nyumba yake. Hiyo kazi ndiyo ilitulisha. Kama matete yanapona, tunakula. Hakuna mutoto Vitshumbi hakujua hiyo.

Kisha vita. Wakimbizi wakajaa njia ya Kibati, karibu na Goma, wakauza misaada waliyopewa ili wapate chumvi na makala ya kupikia. Siwalaumu, mwenye njaa anauza. Ninamulaumu jirani yetu huyohuyo aliyeenda kununua moustiquaire zao, vyandarua vya mbu, kwa bei ya bure, akazileta na kamio, lori zima, akaketisha mafundi nyuma ya duka wazishone pamoja, mupaka zikawa wavu mumoja mweupe wa kutosha kuzunguka kanisa. Ninamulaumu prezida wa koperative ya wavuvi, aliyepita pale akaona, akapewa bahasha, akaendelea na njia yake. Ninamulaumu komanda wa askari, aliyetuma vijana wake na bunduki kulinda wavu ule usikatwe. Ulipita ndani ya matete asubuhi moja, tukiangalia.

Jirani alileta beseni la kwanza yeye mwenyewe. Samaki walikuwa kama misumari. Koko akachukua mumoja, akambana. Hata kijivu hakikutosha kuonekana kwenye kucha. Akageuza beseni yake, akaikalia. Wanawake wote wakageuza, hata wale walioogopa askari. Mimi nilisimama nyuma ya koko, moyo umejaa. Nilijua tutashinda kama siku zote.

Jirani hakukasirika. Alicheka.

"Mukae tu, bamama. Mumepasua miaka mingi, mupumuzike. Hizi hazihitaji kisu."

Akatandika shiti za plastiki kwenye muchanga, akawaanika wazima, na matumbo yao ndani. Saa sita walikuwa wamekauka, wanatiwa kwenye mifuko. Wanawake walikaa juu ya mabeseni yao mupaka mutumbwi wa mwisho, kisha wakainuka mumoja mumoja, wakaenda nyumbani bila fungu.

Zamu ya viboko ikafuata. Kwanza askari wa serikali waliwapiga masasi kwa nyama na meno, kisha waasi waliowafukuza askari, kisha wale wa msituni waliowafukuza waasi. Kila aliyekuja alisema yeye ni mukombozi, na kila mukombozi alikula kiboko. Koko alikuwa akisema kiboko njo anapika sombe ya samaki: usiku anakula majani inchi kavu, mchana anayaangusha majini kama mbolea, maji yanakuwa kijani. Viboko walipoisha, maji yalianza kutakata. Niliona vidole vya miguu yangu chini ya maji kwa mara ya kwanza. Wageni walisema ziwa limekuwa zuri. Baba alirudi kutoka kuvua na tilapia wenye vichwa vikubwa na migongo kama kisu, na utumbo ukibanwa unatoa maji matupu. Waliopona wakati wa uji walikosa sombe. Tukapanda kamio ya makala, tukaja Goma.

Na huyo muzee anasema walikimbia. Vitshumbi bado iko, ziwa bado liko, na kuna siku wavuvi wanapata kitu. Kilichoisha ni wale wanawake. Wengine walikufa, wengine wako Butembo, wengine sijui. Ukimuonyesha mutu leo utumbo wa samaki, anafunga pua.

Koko aliishi na sisi mtaani Majengo miaka kadhaa, akienda sokoni kupasulia wauzaji samaki. Asubuhi moja nilimupelekea chai. Muuzaji mumoja alikuwa amemuwekea tilapia wafupi. Koko akapasua mumoja, akabana, akaangalia kidole chake. Akageuza beseni, akaikalia, akatazama wanawake waliokuwa kushoto na kuume. Visu vyao viliendelea. Mumoja akamuambia, "Koko, sogea kidogo, unaziba njia." Nikaketi chini kando yake. Muuzaji akapasua samaki wake mwenyewe, akauza wote. Alikuwa mutoto muzuri, mwenye adabu. Alipomaliza alimuletea koko maji ya kunywa, akainama, akamuuliza kama kinachomuuma ni muguu ao mugongo.

"Mugongo," koko akajibu.