Zamu ya Mama Kola

Mama Kola hakujiita hivyo. Kwa miaka kumi na minane alishona kola za mashati ya shule, kola tupu, kwenye karakana ya cherehani tisa, mpaka jina likamganda. Wenzake walishona mikono na mifuko, yeye kola. Na kola inataka roho ngumu: unaishona ndani nje, unaigeuza, unachokoa ncha mpaka zilingane. Ukikosea kidogo tu, shati zima linaenda upande.

Karakana ilikuwa na sheria moja: aliyeshona vipande vingi jana, leo ndiye mwenye redio, anachagua cha kusikilizwa. Mama Kola hakuwahi kuwa mwenye redio hata siku moja, kwa sababu msimamizi alishaamua kwamba kola ni nusu kipande. Kipimo hicho alikitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Basi siku moja likaletwa furushi la mapazia chakavu ya kukatia bitana za mifuko. Mama Kola akalifungua, akakuta katikati santuri ndani ya jalada lake. Maandishi hakuyajua. Pichani, wanaume saba na ala zao, saksafoni, fidla, na fidla nyingine kubwa kuliko mpigaji wake, wote wamenuna kama wanapigwa picha ya kitambulisho.

"Chukua takataka yako," msimamizi akamwambia. Akachukua.

Nyumbani, mumewe, fundi redio, alitazama jalada akacheka. "Hiki Kirusi, mke wangu. Nimefungua redio nyingi za huko, herufi ni hizi hizi. Hutaelewa hata neno."

Akateremsha gramafoni kuukuu kutoka juu ya kabati, akaitengeneza. Santuri ikazunguka na maneno hayakuja kabisa. Ilianza piano, taratibu, fidla zikafuata kwa adabu zote. Halafu saksafoni ikaingia bila hodi, na badala ya kufukuzwa, fidla zikaifuata.

"Hii jazi," mume akasema. Akasikiliza tena. "Hapana, ni ile ya ukumbini, ya kukaa kimya na suti. Hawa jamaa wameshindwa kuamua?"

"Hawajashindwa," Mama Kola akajibu. "Wamekataa."

Akaketi pale pale sakafuni akalia, na alilia kwa hasira. Maisha yake yote nyimbo zilimwambia ampende nani na ahuzunike lini. Hii haikumwambia kitu, ilimwachia yeye. Akaapa kwamba karakana ile itaisikia, wapende wasipende.

Wiki hiyo aliwahi kazini kuliko mlinzi. Chakula cha mchana alikula mguu ukiwa kwenye pedali. Alhamisi jioni vipande vikahesabiwa, na hata kwa nusu nusu zile, aliwapita wote.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema mshona mifuko, na watu wakapiga makofi.

Ijumaa akaja na gramafoni amebeba kifuani, imefungwa shuka. Akaichomeka kwenye umeme, akaweka santuri. Fidla zilikuwa hazijafika mbali, msimamizi akatoka ofisini.

"Nini hii? Mama Kola, hapa ni kazini, siyo hoteli ya mabalozi. Muziki wa mabubu!" Akachomoa waya.

"Leo zamu yangu, bosi."

"Sheria inasema redio."

"Sheria umeitunga mwenyewe. Miaka kumi na minane nimesikiliza mipira yenu redioni, sijafungua mdomo. Rudisha waya."

"Sirudishi."

Mama Kola akatoa mguu kwenye pedali, akakunja mikono.

Mashati mia mbili yalitakiwa saa kumi, na shati bila kola haliendi kwenye vifungo. Kufikia saa tano cherehani ya kwanza ilisimama, ikafuata ya pili. "Bosi, kola," wakaanza kuita. Msimamizi akajitosa kushona mwenyewe. Kikatoka kitu kama sikio la mbuzi, na karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Kola hakucheka. Alijua anaweza kufukuzwa siku hiyo hiyo, lakini mikono hakuikunjua.

Saa sita kasoro msimamizi akainama, akarudisha waya mwenyewe. Fidla zikadakia zilipokuwa zimekatwa.

"Anzisha upya," Mama Kola akasema. "Ulinikatia katikati."

Msimamizi akamkazia macho. Kisha akainua sindano kwa vidole viwili, akairudisha mwanzo. Hakuna fundi aliyegusa pedali mpaka upande mzima wa santuri ulipokwisha.