Sanduku la Magodoro

Mimi muuza magodoro sitoi kitu bure. Nilipokubali kumsomesha binti wa mfagiaji wangu shule ya bweni, nilimnunulia sanduku la bati, nikamwambia fundi aandike ubavuni kwa rangi nyekundu: "Msaada wa Duka la Magodoro." Tangazo halijawahi kumtia mtu hasara.

Siku ya wazazi nikamuulizia langoni. Wasichana wakaangua kicheko.

"We Magodoro! Mgeni wako!"

Akaja mbio. "Shikamoo, baba."

"Mbona wanakuita hivyo?"

"Wamezoea tu, baba. Tangu siku ya kwanza."

Nikaomba kuliona sanduku lake. Matroni aliponipeleka bwenini, nikakuta maandishi yamegeuziwa ukutani. Nikaomba brashi na rangi, nikapiga magoti mbele ya wasichana wote, nikalifuta duka langu.