Fimbo ya Mayai ya Bibi

Mwaka jana nilipelekwa semina Arusha, kwenye hoteli yenye uwanja wa gofu. Wakati wa chai nikatoka kuota jua, nikamwona mzee mmoja amesimama ukingoni mwa kidimbwi. Alichomoa kifimbo chembamba kwenye begi lake, akakivuta kikarefuka kama antena ya redio, akakitumbukiza majini. Kilipotoka, kilikuwa kimeshika mpira mdogo mweupe. Chai ilinimwagikia mkononi. Rafiki yangu, fimbo ile nilikuwa naijua. Kwetu Ufipa ilikuwa ya kuokotea mayai.

Usinicheke kwanza. Nilikuwa na miaka minane nilipopelekwa kwa Bibi mzaa mama, kijijini, njia ya kwenda Mpui. Kwetu Sumbawanga mjini tulikuwa watoto sita kwenye vyumba viwili, na Bibi nyonga yake ilikuwa imegoma. Alitembea na mkongojo wake hadi kanisani na kurudi, lakini kuinama hakuweza. Kuku wake nao, kana kwamba wanamkomoa, walitaga chini ya kihenge cha ulezi, kule ndani kabisa, katikati ya mawe yaliyokibeba. Mama akamwambia, "Mchukue huyu awe mgongo wako." Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu duniani, kuinama.

Nilimpenda Bibi kupita kiasi. Asubuhi za mwezi wa sita, upepo wa kwetu ukipiga hadi meno yanagongana, alikuwa tayari amewasha moto wa magunzi na uji wa ulezi unatokota. Aliniita kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mke mwenzangu, amka! Mume wetu hakutuachia watumishi!" Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, lakini kwa Bibi mimi na yeye tuliolewa naye wote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa mvivu.

Mayai yalikuwa na sheria zake. Yai haliokotwi kwa mkono mtupu, kwa sababu kuku akinusa mkono wa mtu kiotani anahama. Unachuma jani la boga, unalifunika yai, ndipo unalitoa. Na moja unaliacha, ili mwenyewe asijione ameibiwa. Nilitambaa chini ya kihenge kwa tumbo, jani mkononi, na nikitoka Bibi alihesabu mikwaruzo yangu na kunipa pole.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mjomba alikuwa ameacha jembe, anauza mitumba mnadani. Siku moja alifungua robota la mabegi, akakuta begi moja refu, la kufika kiunoni, ambalo hakuna aliyejua ni la nini. Jirani yetu Msukuma, mfugaji, akalichukua la kutilia fimbo zake za kuchungia. Mfukoni mwa begi hilo ndimo ilimokuwa ile fimbo ya kurefuka, na mwishoni mwake kikombe kidogo cha waya.

Mjomba aliileta kwa Bibi Jumapili baada ya misa. Watu wakajaa uani, kila mtu na lake. Mjomba alisema ni antena. Katekista akasema hapana, ni ya kuwashia mishumaa ya juu. Bibi akaipokea, akaigeuzageuza, kisha akaniagiza yai. Akalibonyeza kwenye kikombe, nalo likakaa sawasawa, maana mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo.

"Leo nimeamini," Bibi akasema. "Kumbe hata Wazungu wanajua kuku hataki mkono wa mtu."

Nani angembishia?

Tangu siku hiyo aliketi kwenye kigoda kando ya kihenge, akaivuta fimbo yake na kutoa mayai mwenyewe, moja baada ya jingine, anacheka kama msichana. Majirani walikuja kutazama. Na mimi, nikuambie ukweli, niliichukia fimbo ile kwa moyo wangu wote. Maana Mama alikuja kutusalimia, akaiona, na jioni nikamsikia jikoni akisema, "Mama, kama fimbo inaokota, huyu shule zikifungwa nitamrudisha mjini." Nilisubiri Bibi akatae. Bibi alichochea moto tu. Nikaona ndio basi, ameshakubali.

Mama alipoondoka nikaaga kwamba nakwenda bwawani kufua. Fimbo nilikuwa nimeikunja, nimeifungia ndani ya nguo. Nikairusha katikati ya bwawa, ikazama mara moja. Nililia njia nzima, sijui kwa furaha au kwa woga.

Bibi aliitafuta siku mbili, anapekua kila pembe kwa mkongojo wake. Siku ya tatu akasema, "Haya, mke mwenzangu, chuma jani la boga." Hakuniuliza neno. Mama naye hakunichukua.

Nilikaa naye miaka mitano mingine, miaka mizuri kuliko yote niliyoishi. Kisha nikachaguliwa sekondari ya bweni, Bibi akachinja jogoo, kijiji kizima kikashangilia. Nilikuwa nimeshapanda lori ndipo nikajiuliza ni nani sasa atakayeinama. Likizo ya kwanza nilikuta mayai yameoza chini ya kihenge. Likizo ya tatu hapakuwa na kuku hata mmoja uani. Bibi alisema wamemchosha kwa kelele. Nilijua si kweli, na bado inaniuma.

Kiangazi chake cha mwisho tuliketi tukiota jua. Akatazama upande wa bwawani, akasema, "Maji yamepungua mwaka huu. Yakiendelea hivi, tutaiona fimbo yetu."

Nikamgeukia. "Bibi, ulijua?"

"Mtu anakwenda kufua, anarudi na nguo kavu."

"Mbona hukunichapa?"

"Ningekuchapa, mama yako angeuliza kosa. Angelijua, angekuchukua." Kisha akaongeza, "Ile fimbo ilikuwa inaokota vizuri. Lakini nikiiita, haiitiki."

Hakuna kihenge pale sasa. Ulezi unakaa kwenye magunia ndani ya nyumba, na mayai yananunuliwa kwa trei, meupe yote, hayana harufu ya jani. Bwawa limelimwa kabichi. Niliwahi kumuuliza mwenye shamba kama jembe lake limewahi kugonga chuma. Akaniambia hapana.

Kule Arusha nilimsogelea yule mzee.

"Shikamoo, mzee. Naomba niishike kidogo hiyo fimbo yako."

"Marahaba, binti. Na wewe umepoteza kitu humu?"

"Si humu, mzee."

Alinipa. Ilikuwa nyepesi, nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Nikaivuta hadi mwisho, nikaitumbukiza majini, nikaitoa taratibu, kama Bibi alivyokuwa akifanya yai lisivunjike. Ilitoka na maji tu.