Mishono ya Hettie Braddock

Mama yangu mdogo, Hettie Braddock, alishona mabawa ya ndege za kivita huko Southampton, Uingereza, mwaka wa 1940, wakati wa vita na Wajerumani. Kabla ya vita alikuwa mshona mapazia. Kiwandani alipewa sindano ndefu na uzi wa nta, awambe kitani kwenye kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoigeuza ndege. Kila mshonaji aliandika namba yake kwenye kazi yake. Ya Hettie ilikuwa kumi na saba.

Siku moja rubani alirudi amevunjika mguu. Akiwa kwenye kasi, ndege iligoma kugeuka, adui akampata. Msimamizi, Bwana Tapley, akaona namba kumi na saba kwenye kipande cha bawa. Hakuuliza. Alisimama katikati ya wanawake akasema, "Hettie, mishono yako imelegea, nusura umuue kijana wa watu. Ijumaa uondoke."

Mungu anisamehe, hata leo damu inanichemka. Mwanamke aliyekuwa akisali kabla ya kushika sindano!

"Kilete hicho kipande nikione," Hettie akamjibu.

"Unataka kunifundisha ndege?"

"Ndege sizijui. Mshono naujua. Wewe hata kifungo unashonewa na mkeo."

Wanawake wakaangua kicheko. Kipande kikaletwa. Hettie akavuta mshono mmoja mmoja kwa ukucha, hakuna uliotoka. Msanifu wa ndege, Bwana Ferris, akabonyeza kitani baina ya mishono. Kilikuwa kimetanuka kama shavu la mpiga tarumbeta.

"Ni upepo huu," akasema. "Kasi ikizidi nguo inavimba, usukani unakuwa mzito. Hata ashone malaika. Hapa panataka bati badala ya kitani."

Kumbe marubani walishayaandika hayo tangu majira ya joto! Barua zimelala mezani kwa wakubwa, lawama imeshushwa kwa mwenye sindano. Haki gani hiyo?

Amri ya kumfukuza ikafutwa kimyakimya. Bati jepesi lilipofika, Bwana Tapley akamnyooshea Hettie nyundo ya ribiti, ya kupigilia misumari ya kuunga bati.

"Haya mama, yamekwisha. Anza kazi."

Hakuipokea. "Ulinivunjia heshima mbele ya watu."

"Samahani," akanong'ona.

"Sauti, Bwana Tapley. Siku ile ulikuwa nayo."

Hettie akaketi, akafumbata mikono mapajani. Wenzake nao, mmoja mmoja, wakaweka nyundo chini. Ilichukua robo saa nzima bwana yule kuipata sauti yake.